Askari wa Damu Wanapozidi Idadi

Katika toleo lililopita nilieleza jinsi damu inavyoundwa ndani ya uboho wa mifupa, na jinsi chembe nyeupe zinavyoulinda mwili. Nilitaja kwa maneno machache tu zile chembe ziitwazo wauaji wa asili. Gazeti lilipotoka, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinijia na swali lililonipendeza sana. Aliuliza hivi: "Mwalimu, ikiwa askari hao ni wema, je, mwenye askari wengi zaidi si ndiye mwenye afya zaidi?"

Jibu ni la. Yako maradhi ya damu, tena adimu sana, ambayo shina lake ni hao hao walinzi kuongezeka pasipo kipimo. Nimeona afadhali nijibu hapa ili wote wasome. Tena jambo lenyewe limepata kuingia katika ukoo wetu, kama nitakavyosimulia mbele kidogo, na nimeona kwa macho yangu jinsi watu wanavyoweza kupata hasara kubwa kwa kutolielewa.

Kwanza tuwajue askari wenyewe. Chukueni tone dogo la damu, lenye milimita moja kwenda juu, moja kwenda mbele na moja kwenda kando. Ndani yake mna chembe nyekundu karibu 5,000,000, na chembe nyeupe baina ya 4,000 na 11,000. Katika hizo nyeupe, jamii moja huitwa limfosaiti, nayo kwa kawaida ni robo au theluthi ya zote. Limfosaiti nazo zina makabila yake. Kabila la B hutengeneza silaha ziogeleazo katika damu, yaani kingamwili. Kabila la T hupeleleza, huamuru, na baadhi yao hupigana ana kwa ana. Kabila la tatu ndilo la wauaji wa asili. Hawa ni wachache: katika limfosaiti 100 za mtu mzima mwenye afya, wao ni 5 hadi 15 hivi.

Ukiwatazama kwa darubini utaona kwamba wengi wao ni wakubwa kuliko limfosaiti nyingine, na katika ute uliozunguka kiini mna punje ndogo nyekundu za zambarau, kama mbegu za wimbi zilizomwagwa juu ya kitambaa. Punje hizo si pambo. Ni ghala ya silaha. Muuaji akigusana na chembe yenye ugonjwa, hufungua ghala yake mahali pale pale walipogusana. Silaha moja, perforini, hutoboa ngozi ya chembe ile. Nyingine, granzaimu, hupita penye tundu na kuiamrisha chembe ijiue yenyewe. Naam, hujiua! Mwili una desturi ya kuamuru chembe mbovu zijimalize kwa utaratibu, bila kumwaga uchafu wao ovyo.

Wataalamu waliwagundua wauaji hawa mnamo mwaka wa 1975. Huko Stockholm, Sweden, walikuwako Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell; na huko Marekani alikuwako Ronald Herberman. Kabla ya hapo watu wengi walikuwa wakiona katika maabara kwamba chembe nyeupe za panya ambaye hakupata chanjo yo yote huua chembe za saratani, lakini walidhani ni kasoro ya jaribio tu, wakaipuuza. Hawa wanne hawakuipuuza. Jina la "wauaji wa asili" lilitolewa kwa sababu chembe hizo hazihitaji kufundishwa adui ni nani. Huzaliwa na elimu yao. Eva Klein mwenyewe alikuwa Myahudi wa Hungaria, aliyeokoka vita huko Budapest kwa kujificha, kisha akahamia Sweden mwaka wa 1947. Yeye na mumewe George walikuwa wamekwisha kuchunguza kwa miaka mingi uvimbe wa watoto wa Afrika Mashariki, ambao nitaurudia.

Je, muuaji humtambuaje adui kama hakufundishwa? Hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika somo hili. Babu zenu waliokaa Kenya zama za ukoloni watawasimulia juu ya kipande, ile karatasi iliyotiwa katika kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mwafrika akikutwa njiani bila kipande, hukamatwa. Ilikuwa dhuluma, na wazee hawaipendi hata leo. Lakini mwili una desturi inayofanana nayo. Karibu kila chembe ya mwili wako (chembe nyekundu za damu hazimo katika hesabu hii) huvaa nje yake protini za namna fulani zilizo kama kipande. Askari wa kabila la T husoma kilichoandikwa juu ya kipande: wakiona humo alama ya virusi, huiua chembe ile. Sasa virusi vingine, na saratani nyingine, ni wajanja. Huvificha au huviharibu vipande vyote, ili kabila la T lisipate cha kusoma. Hapo ndipo wauaji wa asili huingia kazini. Wao hawasomi. Wao hutazama tu kama kipande kipo. Kikiwapo, mkono huzuiliwa. Kisipokuwapo, na chembe ikionyesha dalili za mashaka, huuawa. Mswidi mmoja, Klas Kärre, aliandika wazo hili katika tasnifu yake ya mwaka wa 1981, na mwaka wa 1986 yeye na wenzake wakatoa ushahidi wake kwa majaribio ya panya.

Basi hao ndio walinzi. Katika vita vya kweli, kama vile virusi vinapoingia, wauaji huzaana kwa haraka, na vita vikiisha wale wa ziada hufa, idadi ikarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo daktari akiwaona wengi katika damu ya mgonjwa, jambo la kwanza si kusema saratani. Huenda mtu huyo ametoka katika homa ya virusi. Huenda ameondolewa wengu. Huenda ana ugonjwa mwingine unaouchokoza mwili. Daktari mwenye busara hungoja, akapima tena.

Ugonjwa huanza pale muuaji mmoja anapopata badiliko katika maagizo yake ya urithi, akazaa watoto wasiotaka kufa. Mojawapo ya mabadiliko hayo lilijulikana mwaka wa 2012: ni katika jeni iitwayo STAT3, ambayo kazi yake ni kama swichi ya taa. Habari ikija kutoka nje ya chembe kwamba "zaa, ishi," swichi huwashwa. Habari ikikoma, huzimwa. Kwa wagonjwa fulani swichi hii imekwama ikiwa imewaka. Hakuna habari iliyokuja, lakini chembe inaendelea kuishi na kuzaa.

Lakini utajuaje kwamba wauaji hawa wote ni watoto wa mama mmoja, wala si jeshi la halali lililokusanyika kwa vita? Kwa kabila la B na la T ni rahisi, maana kila chembe ya makabila hayo, wakati wa kukua, hukata na kuunga jeni zake kwa namna yake pekee, na wazao wake wote huichukua chapa ile, kama ng'ombe wanaotiwa chapa ya mwenyewe. Wauaji wa asili hawana chapa hiyo. Wataalamu wakahangaika, kisha wakapata njia ambayo mimi naihesabu kuwa moja ya njia za akili sana katika elimu ya damu.

Mnajua kwamba mwanamke ana kromosomu mbili za X, moja ya baba na moja ya mama. Tangu akiwa mimba changa sana, kila chembe ya mwili wake huchagua kwa bahati kromosomu moja ya X na kuifunga, ikatumia iliyobaki. Na wazao wa chembe ile hufuata uchaguzi huo maisha yote. Kwa hiyo damu ya mwanamke ni mchanganyiko: karibu nusu ya chembe zimefunga X ya baba, na nusu zimefunga X ya mama. Sasa chukua wauaji wa asili wa mwanamke huyu, uwapime. Ukikuta mchanganyiko, ni jeshi la kawaida. Ukikuta karibu wote wamefunga X ile ile moja, hali chembe zake nyingine za damu zina mchanganyiko, basi umepata ushahidi kwamba wametoka kwa mama mmoja. Mwanafunzi hodari atauliza mara moja: na mwanamume, mwenye X moja tu? Swali zuri. Kwa mwanamume hutazamwa vile vipokezi ambavyo wauaji huvitumia kupapasia vipande. Kila mtu ana orodha ya vipokezi alivyorithi, na kila muuaji huchagua vichache vyake, huyu hivi na yule vile. Ikiwa askari wote wamevaa vipokezi vya namna moja, au wote hawana kabisa, shaka huingia. Siku hizi tena maabara kubwa huweza kusoma jeni zenyewe na kutafuta swichi zilizokwama.

Maradhi haya si ya namna moja, na ndiyo sababu jina peke yake halitoshi. Iko namna ya polepole. Huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, umri wa katikati ukiwa kama miaka 60, wanaume kwa wanawake sawasawa. Kwa desturi madaktari huitambua kwa idadi ya wauaji kuzidi 2,000 katika milimita moja ya ujazo, na idadi hiyo kudumu zaidi ya miezi 6. Wagonjwa wengi hawasikii lo lote. Hugunduliwa kwa bahati damu ilipopimwa kwa sababu nyingine. Wengine hupungukiwa na chembe nyekundu, au hupungukiwa na nyutrofili, ambazo ni askari wa kwanza kukimbilia vidonda na bakteria.

Hapa ndipo ninapomtaja baba mdogo wangu. Yeye ni fundi wa baiskeli, umri wake umepita miaka 60. Kwa muda wa miaka 2 alisumbuliwa na vidonda vya kinywa visivyopona, na mara tatu alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, walipima damu, wakaona limfosaiti ni nyingi mno, wakaandika "saratani ya damu" na kumwambia kwamba dawa kali zaanza juma lile lile, na bei yake ni hii. Bei ilikuwa kubwa kuliko thamani ya kibanda chake na baiskeli zote zilizomo. Ndugu walikaa kikao. Palisemwa kwamba shamba la nyuma ya nyumba liuzwe, na mnunuzi alikwisha kuja kulipima kwa hatua.

Mimi niliomba jambo moja tu, kwamba ijulikane kwanza ni saratani gani. Jina la saratani ya damu ni kama jina la samaki: sangara ni samaki, na dagaa ni samaki. Damu ikapelekwa Nairobi, kwenye mashine inayopitisha chembe moja moja mbele ya mwali wa mwanga, huku alama za nje ya kila chembe zikihesabiwa. Mashine za jamii hii zilienea Afrika Mashariki kwa ajili ya kuhesabu chembe za CD4 za wagonjwa wa UKIMWI. Jibu lilikuja kwamba chembe zile hazina alama ya CD3, ambayo ni ya kabila la T, bali zina CD16 na CD56, nazo ni alama za wauaji wa asili. Walikuwa 3,100. Nyutrofili zake zilikuwa 380 tu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimletea vidonda na homa za mapafu. Maana zikishuka chini ya 500 mtu yumo hatarini. Daktari wa pili, mama mpole mwenye maneno machache, alitibu vidonda, akangoja, akapima tena baada ya miezi 7. Walikuwa 2,900. Akasema huu ni ule wa polepole, wala hautaki dawa kali za kuchomwa kwenye mshipa.

Hapa nitoke njiani kidogo, maana jambo hili lawahusu wengi wetu. Vitabu vya Ulaya husema kwamba nyutrofili za mtu mwenye afya si chini ya 2,000 au hivi. Lakini Waafrika wengi tunazo chache kuliko hizo, 1,500 au hata 1,000, nasi ni wazima kabisa. Sababu imekwisha kujulikana. Wengi wetu hatuna juu ya chembe nyekundu alama iitwayo Duffy, na kukosa alama hiyo ni neema, kwa kuwa vijidudu vya malaria ya namna ya vivax huitumia kama mlango. Basi ye yote asikubali kuitwa mgonjwa kwa hesabu ya 1,200 peke yake, pasipo homa wala vidonda. Hesabu ya baba mdogo, yaani 380, ilikuwa habari nyingine.

Dawa aliyopewa ni methotreksati, vidonge vile vile vinavyotumika kwa baridi yabisi ya viungo. Huwatuliza askari waliozidi. Lakini ina sharti moja kubwa: humezwa siku moja tu katika juma. Mtu akiimeza kila siku, uboho wake huweza kukauka, kinywa na matumbo yakachubuka, naye akafa. Mama mdogo hakuridhika.

"Mwanangu," aliniambia, "dawa gani hii ya mara moja kwa juma? Ugonjwa wenyewe si unamla kila siku?"

"Mama, hii si kama ya malaria," nikamwambia. "Ya malaria ukiipunguza umeharibu. Hii ukiizidisha umeua."

Nikachukua kalenda ya ukutani, nikazungushia duara la wino mwekundu kila Jumatano, ambayo ni siku ya soko kwao na haisahauliki. Vidonge vikatiwa katika mkebe, na mkebe ukawekwa kwa mama mdogo, ambaye tangu siku ile amekuwa mkali kuliko daktari. Dawa hii haina haraka. Huchukua hata miezi 4 kabla ya kuonyesha kazi yake, na damu na ini sharti vipimwe mara kwa mara. Mwezi wa nne nyutrofili zilifika 1,200. Shamba halikuuzwa.

Sasa tuje kwenye namna zilizo kali, ambazo hazifanani kabisa na hiyo. Nazo zina urafiki mkubwa na virusi viitwavyo Epstein-Barr, na habari za virusi hivi zaanza hapa hapa Uganda. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alikuwa akifanya kazi Mulago. Mwaka wa 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika pande zote za taya, na baada ya muda si mwingi akamwona mwingine Jinja. Akaandika habari zake mwaka wa 1958. Tarehe 22 Machi 1961 alitoa hotuba huko London, na kati ya wasikilizaji alikuwako Anthony Epstein. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vikipelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Mwishoni mwa mwaka wa 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaenda Manchester, na kipande kikafika kimechelewa, kikiogelea katika maji yaliyochafuka. Mtu mwingine angalikitupa, akidhani kimeoza. Epstein akatia tone chini ya darubini, akaona uchafu ule ni chembe hai zilizojitenga! Zikaoteshwa, na mwaka wa 1964 Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakatangaza kwamba ndani yake mna virusi vipya.

Leo twajua kwamba zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100 duniani wanavyo virusi hivi. Huambukiza kwa mate, na kwetu mtoto huvipata mapema sana. Kwa walio wengi hulala tu katika limfosaiti za B, bila madhara. Penye malaria ya kudumu huweza kuleta ule uvimbe wa Burkitt, ambao ni wa kabila la B. Lakini katika nchi za Asia ya Mashariki, kama Japani, China, Korea na Taiwan, na pia kwa watu wa asili wa Mexico, Guatemala na Peru, huonekana jambo jingine: virusi hivyo huingia katika wauaji wa asili wenyewe. Ni kama mwizi aliyevaa sare ya polisi. Virusi ni vile vile, lakini maradhi hutofautiana kwa nchi. Wataalamu wanaitafuta sababu katika urithi wa watu hao na katika sehemu zilizokatika za jeni za virusi.

Moja ya maradhi hayo litawashangaza. Kule Japani wako watoto na vijana ambao wakiumwa na mbu mmoja tu hupata homa kali, na mahali palipoumwa huvimba, hutoa lengelenge, kisha hugeuka kidonda cheusi kinachoacha kovu. Si malaria. Mate ya mbu huziamsha chembe za kabila la T, nazo huviamsha virusi vilivyolala ndani ya wauaji, nao wauaji huzidi. Kijana wa namna hiyo sharti aangaliwe miaka mingi, kwa maana baadhi yao baadaye hupata saratani kamili. Mawazo yangu huenda kwa mtoto kama huyo lau angalizaliwa katika vijiji vyetu vya kando ya ziwa!

Namna nyingine hushika pua na kaakaa, ikila nyama na mifupa ya uso. Zamani ilihesabiwa kuwa kidonda kisichojulikana asili. Na iliyo kali kuliko zote ni saratani ya wauaji ienezwayo katika damu nzima. Huwapata hata vijana, umri wa katikati ukiwa kama miaka 40. Homa haishuki, ini na wengu huvimba, chembe za damu huliwa na mwili wenyewe, na kwa kawaida nusu ya wagonjwa hufariki katika muda wa miezi 2 hivi. Ni maneno mazito, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa nini dawa za kawaida za saratani zilishindwa? Kwa sababu chembe hizi zina pampu katika ngozi yake. Dawa ikiingia, hutupwa nje, kama mvuvi anavyofua maji katika mtumbwi unaovuja. Ukimwaga ndoo, naye anatoa ndoo. Ikabidi itafutwe njia ambayo pampu haiwezi kuizuia.

Njia hiyo ilitoka kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao wenzetu wa Kivu huwafuga jikoni kwa nyama. Mwaka wa 1953, huko New York, John Kidd aliona kwamba maji ya damu ya simbilisi, yakitiwa katika panya mwenye saratani ya limfosaiti, huiyeyusha. Kwa nini simbilisi, wala si sungura au farasi? Miaka ya 1960 John Broome akaonyesha kuwa damu ya simbilisi ina enzaimu iitwayo asparajinesi, inayovunja chakula fulani cha chembe kiitwacho asparajini. Chembe ya kawaida ni kama mtu mwenye shamba: duka likifungwa, atalima ale. Chembe hizi za saratani hazina shamba. Zategemea duka, yaani asparajini iliyomo katika damu. Ukilifunga duka, zakufa njaa, na pampu haisaidii kitu, maana hakuna kilichoingizwa cha kutupwa nje. Siku hizi enzaimu hii haitolewi kwa simbilisi bali kwa bakteria. Ikichanganywa na dawa nyingine, na mionzi kwa ugonjwa wa pua uliogunduliwa mapema, wengi huishi miaka 5 na zaidi. Kwa ule mkali wa damu nzima matumaini bado ni madogo. Waliopona kabisa ni hasa waliojaliwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine.

Msidhani kwamba wauaji hawa sasa wanaogopwa tu. Mwaka wa 2020 madaktari wa Houston, Marekani, walieleza jinsi walivyochukua wauaji wa asili kutoka katika damu ya vitovu vya watoto waliozaliwa, wakawatia kipokezi cha kuitambua saratani ya kabila la B, wakawapa wagonjwa 11 ambao dawa zimewashinda. Wagonjwa 8 walipata nafuu, na kwa 7 kati yao saratani haikuonekana tena walipopimwa. Ni idadi ndogo, na majaribio yaendelea.

Katika kabati ya maabara yetu mna slaidi mbili za damu ya mtu mzima mwenye afya, zilizokwisha kutiwa rangi. Atakaye kuwaona askari hawa na aje Alhamisi saa kumi, baada ya michezo. Atafute limfosaiti kubwa yenye ute mwingi wa rangi hafifu, kisha azungushe kioo polepole mpaka punje zionekane. Msikate tamaa upesi. Katika chembe nyeupe 100 huenda ukapata 2 au 3 tu.